Deni la Aliyesahau

Kiswahili kina njia nyingi za kusema umesahau, na kila njia inakupimia lawama yake. Ukisema "nimesahau", wewe ndiye mtendaji, sawa na kusema nimekula au nimelala. Ukisema "nimeghafilika", kitenzi chenyewe kinakuhurumia kidogo, kama hali fulani iliyokukuta. Ukisema "nilipitiwa", umeshajitoa kabisa: kuna kitu kilipita, nawe ulikuwa tu njiani mwake. Wapo wanaokitaja hicho kitu kwa jina, wakasema shetani ndiye aliyewapitia, na hapo kesi inafungwa. Majirani zetu Wakikuyu nao wana neno "kũriganĩrwo", kusahau, ambalo umbo lake ni la kutendwa. Yaani kwa Kikuyu huwezi kukiri kwamba umesahau bila sarufi kusimama na kukutetea.

Sasa, je, kusahau ni jambo ninalolitenda au ni jambo linalonitendekea?

Linasikika kama swali la darasani, la kuulizwa na lekchara saa nane mchana watu wakisinzia. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na tangu hapo ninaishi kwa kuandika chochote ambacho mtu atalipia, kwa hivyo maswali ya aina hii sina muda nayo sana. Lakini mwaka jana, mjini Embu, niliona mtu akikatwa mshahara kwa sababu ya jinsi watu wengine walivyolijibu. Kilichosahauliwa kilikuwa amplifaya ya gitaa.

Wacha nieleze ni ya aina gani, maana hapo ndipo penye shida yote. Amplifaya nyingi unazoziona Luthuli Avenue, na zile zilizojaa makanisani mwetu, zinatumia transista, kitu kilichobuniwa Marekani mwaka 1947. Hii yetu ilikuwa ya kizazi cha kabla ya hapo, ya valvu. Valvu ni kichupa cha kioo kilichotolewa hewa ndani. Ya kwanza ilitengenezwa na Mwingereza John Ambrose Fleming mwaka 1904, na miaka miwili baadaye Mmarekani Lee De Forest akaongeza kipande kilichoiwezesha kukuza sauti. Redio na simu zilizitumia kwa miongo, kisha dunia ikazitupa. Wapiga gitaa ni miongoni mwa waliogoma. Wanasema transista inapiga kelele, lakini valvu inaimba.

Uimbaji huo una bei. Ndani ya kila valvu kuna waya mwembamba unaochomwa na stima, mara nyingi ya volti 6.3, hadi uwe mwekundu. Karibu na waya huo kuna umeme wa volti 400 au zaidi. Kioo cha valvu kubwa kinaweza kupita nyuzi 200 za joto. Na ukimya hauipumzishi. Hata kama hakuna noti moja inayopigwa, stima inaingia na joto linatoka, saa baada ya saa. Ukiiacha imewaka usiku kucha, asubuhi utaikuta bado inafanya kazi ambayo hakuna aliyeiagiza.

Amplifaya ninayoizungumzia ni ya kanisa moja viungani mwa Embu, zawadi kutoka kwa wageni wa ng'ambo. Anayeipiga ni rafiki yangu. Anaishi Makutano, Meru, na Jumapili mbili kila mwezi hushuka Embu, zaidi ya kilomita mia moja, kwa sababu kanisa hilo linamlipa na ya kwao hayalipi. Jumapili moja ibada iliisha kama saa saba mchana. Akachomoa gitaa, akapunguza sauti hadi sufuri, akaitwa chakula. Kutoka hapo akaenda steji akapanda matatu ya Meru. Amplifaya ikabaki imewaka, kimya kabisa.

Baadaye keateka wa kanisa alikuja kufagia na kufunga. Ni mzee wa miaka sitini hivi. Kazi yake moja ni kufunika vyombo kwa vitambaa ambavyo kina mama walishona, ili vumbi lisiingie. Aliona taa nyekundu mbele ya amplifaya. Nilipomuuliza, alinijibu hivi: "Kwangu nyumbani TV ikiwa na taa nyekundu imezimwa. Sasa mimi ningejuaje, kijana wangu?" Akafunika, akafunga mlango, akaenda.

Jumatano jioni wanakwaya walipokuja mazoezi, walipokelewa na harufu. Kitambaa kilikuwa na doa kubwa la kahawia, fyuzi ilikuwa imekatika, na valvu mbili kubwa zilikuwa zimekufa. Hebu tupige hesabu. Hata kama ingewaka muda wote, kutoka Jumapili saa saba mchana hadi Jumatano saa kumi na mbili jioni ni saa 77. Tuseme ilikuwa inakula wati 120. Hizo ni uniti 9 na kidogo, na ukiweka kila uniti shilingi 30, shilingi mia tatu haifiki. Kwa tokeni peke yake hakuna mtu angefungua mdomo. Lakini fundi wa Nairobi alitaka elfu kumi na mbili kwa valvu na kazi yake. Kamati ikakaa, ikaamua keateka akatwe elfu tatu kila mwezi, miezi minne. Mshahara wake ni elfu tisa.

Walitoa sababu mbili: yeye ndiye wa mwisho kutoka, na yeye ndiye aliyefunika.

Tuanze na rafiki yangu, kwa sababu yeye ni rahisi kumtetea. Mwaka 1976 wanafalsafa wawili, Bernard Williams wa Uingereza na Thomas Nagel wa Marekani, waliandika makala mbili zilizojibizana kuhusu kitu walichokiita bahati katika maadili. Mfano mmoja wa Nagel ni dereva wa lori ambaye hakukagua breki zake. Akifika salama, ana kosa dogo ambalo hakuna atakayelijua. Mtoto akikatiza barabara na breki zikakataa, ameua. Uzembe ni ule ule. Kilichoongezeka ni mtoto, na mtoto hakuwa mikononi mwa dereva. Mtu anayeijua barabara ya Meru kwenda Embu, inavyoteremka kwenye kona za mito, hahitaji kuelezwa mfano huo mara mbili.

Kila mpiga gitaa ninayemjua amewahi kuacha kitu kimewaka. Wengi walirudi wakakuta chombo kimepata moto kama chapati, wakacheka, wakazima. Wenzake hao walisahau kama alivyosahau yeye, kwa uzito ule ule. Kilichowatenganisha ni kitambaa cha kina mama. Kama tunawaacha wao waende na kicheko, kwa haki gani tunambebesha yeye valvu mbili?

Aristotle angeuliza swali lingine. Katika kitabu chake cha maadili anataja sheria iliyomwadhibu mlevi mara mbili kwa kosa alilofanya akiwa amelewa, kwa sababu kutolewa kulikuwa mikononi mwake. Hoja yake inaingia vizuri kwenye kusahau. Usiulize kama mtu angeweza kukumbuka dakika ile, maana dakika ile hakuweza, ndiyo maana ya kusahau. Uliza kama kabla ya hapo alikuwa na njia ya kujilinda, na kama aliiacha. Rubani anayesoma orodha ya ukaguzi kwa sauti kila siku, hata kama anaijua kwa moyo, ameshakubali kwamba kichwa chake kitamsaliti siku moja. Rafiki yangu hakuwa na orodha. Lakini tuseme ukweli, nani anayo? Tunaishi kwa simu inayolia kila dakika, kazi tatu za vipande vipande, na usingizi wa saa tano. Kama kutokuwa na orodha ni dhambi, sote tuko motoni.

Kwa hivyo nilikuwa tayari kumtetea hadi mwisho. Kisha siku moja, tukinywa chai Makutano, nikamuuliza alijua lini.

"Nilikumbuka nikiwa Chuka."

"Kwani hukupiga simu?"

"Buda, nilifikiria watazima tu. Si kuna mzee hapo?"

Chuka iko katikati ya safari. Matatu husimama pale, watu wananunua ndizi na maji. Simu yake ilikuwa na chaji. Namba ya mwenyekiti wa kwaya ilikuwa nayo. Ingekuwa simu ya sekunde ishirini.

Kuanzia Embu hadi Chuka sarufi yote iko upande wake. Alipitiwa, alighafilika, alikuwa njiani mwa kitu kilichopita. Lakini pale Chuka kusahau kuliisha, na kilichofuata kina jina lingine. Kitenzi kikarudi kuwa cha kutenda. Nadhani tunapojadili lawama ya kusahau mara nyingi tunaangalia mahali pasipofaa. Tunakodolea macho ile dakika ambayo akili ilizima, dakika ambayo hakuna mtu angeweza kuifanyia lolote, na tunairuka dakika ambayo akili iliwaka tena. Wengi wetu tuna Chuka zetu. Unakumbuka ukiwa kitandani kwamba hukufunga geti la ploti. Unakumbuka katikati ya wiki kwamba uliahidi kumtumia mtu CV. Unakumbuka, na unajiambia kwamba kwa kuwa kosa la kwanza lilikuwa la kusahau, hata linalofuata bado ni la kusahau. Hilo la pili umelichagua ukiwa macho.

Na angalia neno alilotumia: watazima. Hicho kiambishi "wa" ni akina nani? Kina tabia ya kubeba watu wasio na majina. Watafagia, watafunga, watazima. Nikimlazimisha rafiki yangu aweke jina, anakuja mtu mmoja tu, mzee wa elfu tisa ambaye hakuna aliyewahi kumwonyesha swichi.

Hapa ndipo mimi na kamati tunapoachana. Hoja yao si ya kijinga. Mahali popote lazima pawe na mtu wa mwisho, na mtu wa mwisho lazima aangalie. Soja, keateka, mama wa usafi, tunawalipa ili sisi tusahau kwa amani. Lakini ukimpa mtu kazi ya kukukumbukia, unapaswa kumpa pia maarifa ya kitu anachokikumbuka. Mzee aliambiwa funika, akafunika. Taa aliiona, akaisoma kwa lugha ya chombo pekee cha stima chenye taa ambacho amewahi kumiliki. Huyu hakusahau hata sekunde moja. Katika kisa chote hiki yeye ndiye mtu pekee aliyekumbuka kila alichoagizwa, na ndiye aliyepelekewa bili.

Hata sheria ya nchi haiko na kamati. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata mshahara kwa mali iliyoharibiwa, lakini pale tu uharibifu umetokana na mfanyakazi kukaidi wajibu wake kwa makusudi. Kwa pesa zilizopungua mikononi mwa mtu aliyeajiriwa kuzitunza, sheria inataja pia uzembe. Kwa mali nyingine haiutaji. Waliotunga kifungu hicho walitofautisha mkono uliofanya makusudi na mkono uliokosea. Kamati haikuuliza ni upi.

Basi nani alipe? Mtu anaweza kusema: kama kusahau si dhambi, na mzee hana kosa, hasara iwe ya kanisa, maisha yaendelee. Sikubali, na walionisaidia kuona kwa nini si wanafalsafa wa Oxford. Mafundisho ya Kiislamu yanasema anayekosea kwa kusahau hahesabiwi dhambi. Aliyefunga akala kwa kusahau anaendelea na saumu yake bila neno. Lakini ukiharibu mali ya mtu, hata kwa bahati mbaya, unailipa. Dhambi inafutwa, deni linabaki. Na kitabu ambacho kamati yenyewe huapa nacho, katika Mambo ya Walawi sura ya 5, kinazungumzia mtu aliyekosea bila kujua katika vitu vitakatifu vya Bwana. Anatakiwa arudishe alichopunguza, na aongeze sehemu ya tano juu yake. Aliyekosea ndiye anayelipa. Aliyefunga mlango hatajwi.

Nafikiri hapo ndipo jibu la swali langu la kwanza lilipojificha. Tunapigania kama kusahau ni kutenda au kutendwa kwa sababu tunadhani tukishinda hoja hiyo tumeshinda na deni. Tunasema "nilipitiwa" na tunataka neno hilo lifanye kazi ya risiti. Lakini ninaweza kuwa sina hatia kabisa na bado niwe na deni. Williams aligusa jambo hili aliposema dereva aliyemgonga mtoto bila kosa lolote bado atajisikia tofauti na mtu aliyesimama pembeni akitazama, na kwamba tungemshangaa kama asingejisikia hivyo. Kilichotoka mkononi mwako ni chako, hata kama hukukitaka.

Rafiki yangu alilielewa hilo polepole. Mwezi wa pili wa makato alimtumia mzee elfu sita kwa M-Pesa, bila ujumbe. Mzee akazirudisha siku hiyo hiyo, gharama ya kutuma akailipa mwenyewe. Nilishangaa. Elfu sita kwa mtu aliyebakiwa na elfu sita kwa mwezi? Nilipoenda kumwona alikuwa anapanga viti. Hakuonekana na hasira. "Pesa nimezoea kukosa," aliniambia. "Lakini siku hizi wananiita mzee wa kuchoma kanisa. Hata watoto. Yeye aende aseme."

Kwa hiyo lilikuwepo deni lingine ambalo M-Pesa haiwezi kulibeba. Mtu anapobeba lawama yako, anabeba pia jina lako baya, na jina halilipwi kwa siri. Kumtumia pesa kimyakimya kulikuwa kumnunua aendelee kuibeba.

Rafiki yangu alienda. Alichukua wiki tatu kujipanga, maana ile kazi ya Jumapili mbili ndiyo inayolipa keja yake Makutano, na aliogopa kuipoteza. Akasimama mbele ya kamati akasema yote, pamoja na Chuka. Unajua ilichukua muda gani? Kama dakika tano. Wakacheka, mmoja akasema vijana na vichwa vyao, wakaomba, wakamwambia aendelee kutumika. Makato ya mzee yakasimamishwa. Zile elfu sita zilizokwisha katwa, wakasema, zitaangaliwa. Rafiki yangu akazilipa yeye, na safari hii mzee akazipokea.

Hizo dakika tano bado zinanisumbua. Nilifurahi kwamba alisamehewa, na sidhani alistahili kufukuzwa. Ila nimekuwa nikijiuliza kwa nini msamaha ulikuwepo pale muda wote, tayari, wa bei nafuu, na mzee hakuonyeshwa. Kwa mtu mwenye kipaji, kusahau ni stori ya kuchekesha. Kwa mtu mwenye ufagio, hata kukumbuka vibaya ni utovu wa nidhamu. Kama tunaamini kweli kwamba binadamu hupitiwa, imani hiyo inapaswa kuanzia kwa yule asiye na mtu wa kumtetea kwenye kamati.

Sasa hivi mbele ya ile amplifaya kuna karatasi iliyobandikwa kwa selotepu: TAA IKIWAKA, IMEWAKA. Mzee ndiye aliyeomba iandikwe. Ingeweza kuandikwa siku chombo kilipofika, na kalamu zilikuwepo.

Kwa hivyo sikuombi usisahau. Utasahau, nami nitasahau, na wiki hii kuna kitu mahali fulani kimewaka ambacho hakuna anayekifikiria. Ninachokuomba ni kidogo. Ukikumbuka, hata kama uko mbali na umechelewa na unaona aibu, piga simu. Na kabla ya kusema watazima tu, mtaje kwa jina huyo atakayezima, kisha ujiulize kama kuna mtu aliyewahi kumwonyesha swichi iko wapi.